Mama Gesiena Hafungui Mizigo

Kwetu Gannakuil ukitaka kumvunjia mtu heshima bila kutumia tusi, sema amefungua mzigo wa mwenzake. Tangu enzi za mikokoteni ya punda, anayesafiri husafiri na vya jirani zake, na haulizi ndani mna nini. Anatajiwa jina la anayetuma na jina la anayepokea, basi, anapakia. Akiuliza zaidi ya hapo, ameshakuita mwizi mbele ya watu. Ndivyo tulivyo, na asiyependa akae kwao.

Gesiena Obies ndiye aliyekuwa ameishika desturi hiyo kuliko sisi sote. Miaka thelathini na moja, kila Ijumaa, alipeleka pikapu yake mjini Springbok, kilomita mia na sitini za changarawe, jangwa na milima, na kila Jumamosi akarudi. Alibeba meno ya bandia ya mchungaji. Alibeba vichwa vya kondoo, barua ambazo wenyewe hawakutaka zipite posta, na mara moja mguu wa bandia uliogombaniwa na ndugu wawili baada ya mwenye mguu kufa. Alibeba gauni la harusi la Benita Klaase, na bwana harusi alipomsihi amwache achungulie hata upindo tu, Gesiena alimwambia asubiri kanisani kama wanaume wengine. Alianza kazi hiyo mumewe alipoanza kukohoa vumbi la mgodini, akaendelea nayo mume alipokwisha kuzikwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi usio na asali, na sifa hakuzipenda. Moja tu aliipenda, wala hakuificha: kusikia watu wakisema Mama Gesiena hafungui mizigo.

Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa tisa, wakati jangwa letu linapojifanya bustani. Mvua ya baridi ilikuwa imenyesha vizuri, na ile tambarare inayokaa kavu karibu mwaka mzima ilikuwa imefunikwa na maua ya rangi ya chungwa mpaka miguuni mwa milima. Wageni wa mijini walikuwa wakisimamisha magari katikati ya njia na kulala kifudifudi kupiga picha. Gesiena aliwapigia honi na kuwapita. Alisema maua hayajawahi kumsaidia mtu kubadilisha tairi.

Kabla jua halijachomoza alikuwa amekwisha kupakia mizigo mitano na kuifunika turubai. Abiria alikuwa mmoja, Ursela Domroch, rafiki yake tangu utoto, aliyekuwa akienda kwenye kipaimara cha mjukuu wake na sufuria la utumbo wa mbuzi mapajani. Gesiena alikuwa ameshatia ufunguo alipomwona Ruwaan anatoka nyumbani na kasha kifuani.

Ruwaan ni kitinda mimba wake, miaka ishirini na saba. Tangu mgodi ufungwe alikuwa amelala kwenye kochi la mama yake hadi kochi likabonyea kwa umbo lake. Miezi ya karibuni alikuwa akipotea siku mbili tatu, akirudi na viatu vipya. Akiulizwa, alisema vibarua. Kumwona amesimama asubuhi ile, amenawa uso, kulimfurahisha mama yake kuliko alivyotaka kuonyesha.

"Mama, niwekee na huu," alisema. "Biskuti za chai. Nimemwokea mama yake Deon. Deon atazifuata kituo cha mafuta."

"Deon nani?"

"Deon tu, Mama."

Gesiena alilitazama kasha. Lilikuwa la mbao, la kubebea matunda, limefunikwa kwa gunia na kufungwa kamba ya kijani. Nyumba yake ina jiko moja la kuokea, na jiko hilo halikuwashwa tangu Jumatano. Alikuwa ameliegemea alfajiri ile ile akisubiri birika lichemke kwenye gesi, akaona baridi yake inampenya mgongoni. Alifungua mdomo. Kisha akaona watu wamesimama wanaaga, akaona viatu vipya vya mwanawe, akaona aibu ya kuwa yeye, Gesiena, ndiye wa kuuliza. Akachukua chaki, akaandika DEON kwenye ubao wa kasha. Kwa kuwa nyuma kulikuwa kumejaa, kasha akaliweka ndani, miguuni pa Ursela.

Wakaondoka. Ukienda Springbok asubuhi unalikabili jua, na maua yetu nayo hulitazama jua, kwa hiyo njia nzima unaona visogo vyao tu. Anayetaka kuyaona usoni inabidi atazame nyuma. Ursela alikuwa amekigeuzia kwake kile kioo cha katikati na anayashangaa, huku akieleza habari za mkwewe, mvivu asiyejua hata kukamua mbuzi. Gesiena alirudisha kioo mahali pake mara mbili. Mara ya tatu akamwambia kama anataka kioo anunue gari lake.

"Una kisirani leo," Ursela alisema.

"Sina kisirani. Nina jiko."

"Jiko gani?"

Gesiena alikanyaga mafuta. Alikuwa akilifikiria jiko lile tangu walipopita makaburini.

Kwenye kijito cha mchanga, kile kilichomzika mwenye lori la maji mwaka juzi, aliingia kwa kasi kama kawaida, maana ukipunguza unanasa. Pikapu ikaruka. Ursela akakumbatia sufuria lake, lakini kasha likapiga kwenye mlango na kulalia ubavu. Walipofika upande wa pili Ursela aliinama kuliinua. Akabaki ameinama muda.

"Siena," alisema. "Biskuti zenu zina mawe."

Akanyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na kijiwe cheupe, kidogo kuliko punje ya hindi, chenye mstari mwembamba wa waridi.

Gesiena alikitazama mara moja tu, akarudisha macho barabarani. Alijua kimetoka wapi. Mawe meupe yako mengi jangwani kwetu, yametapakaa vilima vizima. Yenye mstari wa waridi yako mahali pamoja. Marehemu baba yake, mzee Petrus, mchungaji wa mbuzi, alipaita Kilima cha Meno. Alimpeleka huko Gesiena akiwa na miaka tisa, akamwonyesha kati ya mawe vile vimimea tunavyoviita vidole, vya mviringo na vinene kama vidole vya mguu wa kichanga, vimebanana kwa mamia. Mzee alimwambia baadhi yake vilikuwa vikubwa vile vile alipokuwa mtoto yeye. Mbuzi wake hawakukanyaga kilima kile maisha yake yote. Alisimama na fimbo akawageuza, hata miaka ya njaa. Wala hakumwambia mtu njia, ila bintiye. Na bintiye naye, muda ulipofika, hakumpeleka mwingine ila Ruwaan, aliyekuwa akichunga. Ruwaan alikuwa na miaka tisa vile vile, na alilia njia nzima ya kurudi kwa sababu alikuwa amekanyaga kimoja.

Gesiena alisimamisha gari katikati ya njia. Alikitwaa kijiwe mkononi mwa Ursela, akashuka, akazunguka, akalichukua kasha na kuliweka chini kwenye kivuli cha pikapu. Fundo la ile kamba lilikuwa la mzee Petrus, fundo la wachungaji, ambalo asiyelijua hulikata tu. Gesiena alilijua. Aliweka kidole gumba mahali pake na kuvuta.

"Siena, unafanya nini?" Ursela aliuliza dirishani. "Unafungua?"

Alifungua. Juu palikuwa na karatasi za chooni zilizolowanishwa, na chini yake vidole, safu juu ya safu, vimeng'olewa na mizizi yake, kama vile mtu anavyopanga mayai. Vingi vilikuwa bado vimeshika mawe. Vichache vilikuwa vimeanza kusinyaa. Gesiena alipiga magoti mchangani, asiweze kuvigusa wala kuvifunika. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, maana alijua kwamba hakuwa anashangaa. Alikuwa ameogopa kitu kama hiki tangu alfajiri.

Ursela alishuka na sufuria lake, akachungulia, akalia kwa sauti ndogo ya kusikitika. Hakuna asiyejua habari za vidole sasa. Kuna watu ng'ambo wanaoviweka madirishani na kuvilipia, na kuna watu wa kuja wanaowapa vijana wetu magunia na simu. Kila siku ya majira ya maua polisi husimamisha magari, kwa sababu wezi hujichanganya na wapiga picha. Magereza yana vijana wa Port Nolloth, wa Steinkopf, wa kila mahali. Wa Gannakuil walikuwa hawajapatikana, nasi tulikuwa tukijivunia hilo.

Walikuwa bado wamesimama pale lori la mbuzi lilipotokea mbele. Dereva wake alipunguza mwendo, akapaza sauti kwamba chini ya kona za milima ya Anenous kuna kizuizi, wanatoa kila kitu nje, yeye wamemhesabia hata mbuzi. Akacheka, akaenda zake. Vumbi lake lilibaki hewani dakika nyingi, na Gesiena alilitazama vumbi hilo, kwa maana lilikuwa limemjibu kama angeweza kurudi nyuma. Katika tambarare ile hakuna anayegeuza gari bila kuonekana. Anayegeuza ndiye anayefukuzwa.

"Tuvimwage nyuma ya jabali lile," Ursela alisema. "Hakuna atakayejua."

"Upepo wa mashariki huu, wa moto. Vikilala juani mpaka jioni vimekwisha."

"Viishe. Bora viishe vyenyewe kuliko mwanao."

Gesiena alianza kuvifunika kwa karatasi. Alivifunika vizuri, akamimina maji ya kunywa juu yake, maji yote ya chupa yake. Kisha akarudisha gunia na kufunga fundo lile lile la baba yake, na lilipokazika usingeweza kujua kwamba limefunguliwa. Kijiwe alikuwa bado amekishika kwenye mkono wa kushoto.

Wakaondoka, wakaenda kilomita kumi. Halafu Ursela akasema kitu cha akili sana, na mpaka leo sijui kama namshukuru au namlaumu. Alisema: hutakiwi hata kudanganya. Waambie hujui. Dunia nzima inajua hufungui mizigo. Deon tu, kituo cha mafuta, basi. Watachukua kasha, watakuomba radhi, utakwenda zako. Ruwaan utamshughulikia nyumbani, kwa mkanda ukipenda.

"Na vidole?"

"Vitakuwa mikononi mwa serikali. Wana watu wa mimea. Watavimwagilia."

"Watavirudisha wapi?"

"Watajua wenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Hawatajua. Mwaka jana mtu wa mimea kutoka mjini alikuja shuleni kwetu, bwana mwembamba mwenye kioo cha kukuzia shingoni, akatueleza kwa unyonge kwamba ana mabanda yamejaa vidole vilivyokamatwa na hawezi kuvirudisha hata kimoja, kwa sababu hakuna anayemwambia vimetoka kilima gani. Kila kidole kina mawe yake. Ukikipanda pengine kinakufa polepole, miaka miwili mitatu. Gesiena alikuwa amekaa mstari wa mbele siku hiyo. Alitikisa kichwa na kusema watu wa siku hizi hawana haya, na Ruwaan alikuwa kwenye kiti cha pembeni yake.

Kwa hiyo alijua jambo lote lilivyokaa. Akinyamaza, mwanawe anapona, na yeye mwenyewe anapona, na jina lake linabaki, na kilima cha baba yake kinafia bandani. Akisema kilima, vidole vinarudi. Lakini kilima hicho walio hai wanaokijua ni wawili, na mmoja wao ndiye anayesema. Kukitaja kilima ni kumtaja Ruwaan. Aliligeuza hili na lile, kila upande, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta, na kila alipofika alimkuta Ruwaan wa miaka tisa analia kwa kidole kimoja alichokanyaga.

Kizuizi walikiona mbali, kilomita tano hivi, magari mawili meupe na kitu kinachometameta. Milima ya Anenous ilikuwa imesimama nyuma yake, ya buluu. Gesiena alishusha gia, akapandisha, akashusha tena bila sababu. Ursela alianza kusali kwa kunong'ona, na katikati ya sala akasema, "Usiwe mjinga, Siena," akaendelea na sala. Mbele yao gari la wageni lilikuwa limesimamishwa, na wageni wamekaa kando ya njia juu ya masanduku yao, wanatazama viatu vyao vikikung'utwa.

Kisha aliyewajia alikuwa Benita Klaase. Sajini sasa, mnene kidogo, kofia chini ya kwapa. Alipoiona pikapu uso wake ulikunjuka.

"Shangazi Gesiena," alisema. "Tena kumbe ni Ijumaa. Shikamoo. Na Shangazi Ursela, na huo utumbo unanukia mpaka Steinkopf."

Alizunguka nyuma, akainua pembe ya turubai kwa adabu, akairudisha. Mwenzake mmoja, askari mgeni asiyetoka kwetu, alikuwa akija na chuma cha kufungulia masanduku. Benita alimzuia kwa mkono. Gesiena alimsikia vizuri kabisa akimwambia kwamba huyu mama hafungui mizigo, hajawahi, gauni lake la harusi lilipita mikononi mwa mama huyu na mumewe aliomba mpaka akachoka. Huyu anapita.

Kisha akarudi dirishani, akagonga paa la gari mara mbili. "Nenda salama, Shangazi."

Barabara ilikuwa wazi. Ursela alitoa pumzi ndefu kama aliyetoka majini. Gesiena aliweka gia ya kwanza. Alikuwa amefikiria kila kitu njiani, kukamatwa, kunyamaza, kudanganya, ila hili la kuachiwa kwa heshima hakulifikiria. Maisha yake yote ndiyo yaliyokuwa yanamfungulia njia. Mbele, kituo cha mafuta, Deon tu angekuja na mikono yake miwili, na wiki ijayo Ruwaan angeleta kasha jingine, kwa sababu kilima bado kilikuwa na upande wa pili.

Pikapu haikuondoka. Gari moja nyuma lilipiga honi.

"Twende," Ursela alisema bila kufungua midomo. "Siena, nakusihi. Ni mtoto wako. Twende."

Gesiena alirudisha gia, akavuta breki ya mkono na kuzima injini.

"Benita," alisema. "Toa kasha hili lililo miguuni pa Ursela. Usikate kamba, nitakufungulia mimi."

Walilitoa. Yule askari mgeni alipoona fundo alisema kumbe halijafunguliwa, mama hakujua, na Benita aliitikia haraka, kwa shukrani kabisa, kwamba naam, mama hakujua. Walikuwa wakimpa mlango, wote wawili. Gesiena aliweka kidole gumba mahali pake, akavuta, gunia likafunguka. Benita alitazama ndani. Alimtazama Gesiena, na ule uso wake uliokunjuka ukafungwa.

Mtu wa mimea alikuwepo, yule yule mwembamba, ameletwa kusaidia ukaguzi. Aliinua kidole kimoja kwa kibano, akakitazama kwa kioo chake, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mazoea. Alisema vi hai bado, vingi vingepona, laiti angejua vimetoka wapi. Hakuwa akimwuliza mtu. Alikuwa akisema tu, kama alivyokwisha kusema mara mia.

Gesiena alinyoosha mkono wa kushoto na kufumbua ngumi. Kijiwe kilikuwa kimemchora kiganjani.

"Kinaitwa Kilima cha Meno," alisema. "Mimi nitakupeleka. Njia yake tunaijua watu wawili, mimi na mwanangu Ruwaan. Mimi sikuving'oa."

Benita alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika. Alimwuliza Gesiena, taratibu, kama ana hakika na alilolisema. Gesiena alimwambia aandike. Alimwambia jina la anayetuma huandikwa, ndivyo ilivyo siku zote. Kisha akaketi barabarani, na Ursela akaweka sufuria lake chini na kuketi karibu naye, akimlilia Ruwaan kama aliyekufa.

Baadaye Gannakuil tuligawanyika juu ya jambo hili. Wako waliosema amefanya sawa. Wako waliosema mama hafanyi vile, na kwamba aliyeufungua mzigo wa mwanawe ataufungua na wa jirani. Ijumaa iliyofuata pikapu ilisimama mlangoni, injini inanguruma, na hakuna aliyetoka na mzigo isipokuwa Ursela, aliyempa kopo tupu apeleke kwa mjukuu wake, ili mradi tu kiwepo kitu nyuma. Wengine wamerudi kidogo kidogo. Wengine mpaka leo hupeleka vyao kwa basi la Kuboes.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na Jumapili. Mtu wa mimea alisema vidole haviwezi kungoja mahakama, na Benita alisaini karatasi. Walipanda Kilima cha Meno watu watano, Gesiena mbele na kasha mikononi mwake, hakutaka kusaidiwa. Nyuma alikuja Ruwaan, aliyekwisha kukamatwa, kati ya askari wawili, wamemfungua pingu ili apande. Upande wa mashariki wa kilima ulikuwa umetobolewa wote, vishimo vidogo vidogo kati ya mawe meupe, na Gesiena alipoviona alisimama, akashika kiuno, akageuka kando mpaka alipoweza kutazama.

Mtu wa mimea alieleza kwamba kila kimoja kina shimo linalokitosha, na mchimbaji akikumbuka alikochimbia ni heri zaidi. Ruwaan alikumbuka. Hilo lilitushangaza tuliposimuliwa. Alipiga magoti na kuchukua kila kidole kutoka mkononi mwa mama yake, akakigeuza, akakitazama mzizi, akaenda nacho moja kwa moja. Alikuwa na mikono mizuri ya babu yake. Walifanya kazi hiyo asubuhi nzima, mama na mwana, jua likiwapanda mgongoni. Askari walikaa kivulini.

Ilikuwa karibu na saa sita Ruwaan alipoinua kichwa. Midomo ilikuwa imempasuka kwa upepo.

"Mama," alisema. "Ulifungua mzigo wangu."

Gesiena hakukana. Alikuwa amengoja neno hilo tangu Ijumaa, na alikuwa amejiandalia majibu mengi makali, juu ya babu yake, juu ya viatu, juu ya kilio chake alipokuwa na miaka tisa. Hakuna hata moja lililomtoka.

"Jiko lilikuwa baridi tangu Jumatano," alisema. "Nililigusa, Ruwaan. Ningekuuliza pale pale mlangoni, ungekuwa nyumbani sasa."

Ruwaan alitazama chini. Machozi yalimwanguka kwenye mawe, naye hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na udongo. Mama yake alichagua kidole kingine kwenye kasha, akakipuliza vumbi, akampa. Ruwaan akakigeuza, akakitazama, akaanza kutafuta shimo lake.